Uraia wa Wakuria na Mpaka wa Kenya

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi za Afrika ya Mashariki. Wakaamua mstari utoke pwani karibu na mto Umba, upinde kaskazini ya mlima Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja mpaka Ziwa Viktoria, mahali panapokatwa na digrii moja kusini ya Ikweta. Walioandika maneno hayo walikuwa Ulaya, na mstari wao ulipita katikati ya nchi ya Wakuria. Upimaji wenyewe ulifanywa baadaye, baina ya 1904 na 1906. Tangu hapo Waairege, Wanyabasi na Wakira, ambao kila mmoja ni ukoo mmoja wenye desturi moja, wamekuwa na watu wao pande zote mbili.

Mpaka huo, hata hivyo, haukuwa na uzito mkubwa kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Wazee wa Genkuru na sehemu nyingine za Tarime na Serengeti hawakuwa na haja ya karatasi ili kuoza binti ng'ambo, au kupeleka ng'ombe kwa shemeji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza. Karatasi zilizokuwako zilikuwa za kodi na za kazi, wala hazikuwa za uraia. Hata neno kipande halikuwa na maana moja. Katika Kenya kipande kilikuwa cheti cha kumtambulisha mwanamume Mwafrika, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuvaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Katika Tanganyika kilikuwa kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi ya mashambani. Vyeti vya kuzaliwa havikuwalazimu Waafrika kwa ujumla. Basi mtu alijulikana kwa ukoo wake na rika lake la tohara, na ushahidi huo ulitosha.

Ndipo ukaja uhuru, na pamoja nao swali jipya. Watu wengi hukumbuka mjadala wa Oktoba 1961, Mwalimu Nyerere alipokataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya mtu, hata akatisha kujiuzulu. Jambo lile lilikuwa kubwa, na kwa haki limesifiwa. Lakini katika vijiji vya mpakani rangi haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa katika kifungu kisichojadiliwa kwa kelele. Aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa nje alikuwa raia ikiwa baba yake amekuwa raia kwa njia hiyo. Kenya nayo, ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, iliweka masharti ya namna hiyo hiyo.

Yafaa kuyatazama masharti hayo kwa macho ya Mkuria. Chukua mtoto aliyezaliwa upande wa Kenya, mama yake mzaliwa wa huko huko, na baba yake mzaliwa wa Tarime, mtoto wa mzaliwa wa Tarime. Kwa baba alikuwa Mtanganyika tangu 1961. Kwa mahali alipozaliwa na kwa mama yake akawa Mkenya 1963. Hakuomba uraia hata mmoja, naye akapewa miwili. Kisha sheria za nchi zote mbili zilimtaka mtu mzima aukane mmoja, na asipofanya hivyo uraia ungeweza kumtoka naye yupo shambani analima mtama, hana habari. Kwa upande mwingine, mama aliyeolewa ng'ambo hakuweza kumrithisha mtoto aliyezaliwa huko uraia wa kwao. Ng'ombe wa mahari walivuka. Uraia wa mama haukuvuka.

Tena iko desturi ya nyumba ntobu, ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Kwa Wakuria ukoo wa mtoto huyo haubishaniwi, kwa kuwa ng'ombe walitolewa mbele ya mashahidi. Bali fomu ya serikali ina mstari wa jina la baba, na pengine mahali alipozaliwa baba. Mtoto ana ukoo kamili, na mstari ule unabaki wazi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka 1983. Hapo wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba jamaa zao ni wageni. Sheria ya Uraia ya 1995 ilirekebisha jambo moja kubwa: sasa mama pia aweza kumrithisha mtoto uraia. Lakini mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia kwa ndoa, na mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima umekatazwa bado, ingawa Kenya imeuruhusu katika katiba yake ya 2010.

Sheria ya vitambulisho ilitungwa mwaka 1986, na mamlaka ya kuvitoa ikaundwa 2008. Katika wilaya za mpakani mwombaji hupita kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji, kisha huulizwa na Uhamiaji: babu yako alizaliwa wapi, na bibi je? Tangu 2019 laini ya simu husajiliwa kwa namba ya kitambulisho hicho pamoja na alama za vidole, na fedha nyingi za kijijini hupita katika simu. Kwa hiyo anayeambiwa asubiri mpaka mambo ya babu yake yachunguzwe hanyimwi kadi peke yake. Naye babu, alipozaliwa, hakuna aliyeandika, na wanarika wenzake waliojua wamekwisha kufa.