Mstari wa Juu Kwenye Cheti cha Ndoa

Mama mkwe wangu ana Biblia ya ukoo yenye ukurasa mmoja wa majina, na juu kabisa ya ukurasa huo pana nafasi iliyoachwa wazi. Chini yake anatokea babu wa babu yake mume wangu, mtu mzima tayari, mfumi, anaoa Dundee mwaka 1861. Kaota kama uyoga. Alizaliwa lini, akabatizwa wapi, hakuna ajuaye.

"Wewe una macho ya kusoma maandishi ya zamani," aliniambia majira ya baridi yale. "Nitafutie."

Nilikubali kama wakwe wanavyokubali, yaani kabla ya kufikiri.

Kazi ilionekana nyepesi. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya Scotland tarehe 1 Januari 1855, na kabla ya hapo yapo madaftari ya parokia za Kanisa la Scotland, parokia zipatazo 900. La kale kuliko yote ni la Errol, limeanza mwaka 1553. Cheti cha 1861 kilinipa majina ya wazazi wa bwana harusi, tena mama yake kwa jina la kwao, maana Waskoti hawakuwa na tabia ya kumfuta mwanamke jina la kwao akishaolewa. Kijiji nilikijua: ni kijiji cha wafumaji wa kitani katika Angus, na mama mkwe amenikataza kukitaja kwa kuwa bado kuna binamu kule. Nikafungua daftari la parokia, 1834, 1835, nikaenda hadi 1840. Jina la ukoo limejaa kama siafu, ila wazazi si wale. Nikamlaumu karani. Nikailaumu hata ile kodi ya peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, iliyowafanya maskini wengi walikimbie daftari, hadi nilipokumbuka kwamba kodi ile ilianza 1783 ikafutwa 1794.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kisha jioni moja nikasoma kile nilichokuwa nikikiruka kila mara. Kwenye cheti cha ndoa cha Kiskoti, mahali palipoandikwa siku na nyumba, pana maneno machache zaidi: baada ya matangazo, kwa taratibu za kanisa fulani. Hapa kanisa lilikuwa United Presbyterian. Nilikuwa nimeyachukulia maneno hayo kama salamu za mwanzo wa barua.

Nina kisingizio. Nililelewa Kenya katika PCEA, kanisa lililozaliwa na misheni ya Waskoti. Kule Kikuyu mahali pao paliitwa Thogoto, ambalo ni "Scot" kwa ulimi wa Kikuyu. Kwangu Presbyterian ilikuwa kitu kimoja, kama unga wa kilo moja. Huku nikakuta kwamba unga huo ulipasuliwa mifuko mingi, na kila mfuko ulikuwa na daftari lake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nani amchague mchungaji. Sheria ya mwaka 1712 ilimrudishia mwenye ardhi haki ya kuwapa waumini mchungaji amtakaye yeye. Mwaka 1733 Ebenezer Erskine na wenzake watatu wakajitoa, wakaunda baraza lao Gairney Bridge, karibu na Kinross. Hawakumaliza miaka kumi na mitano pamoja: mwaka 1747 waligawanyika juu ya kiapo walichoapishwa raia wa baadhi ya miji, kwa sababu kiapo kilitaja dini ya kweli inayokiriwa nchini, na wengine wakauliza ni dini ipi hiyo kama si ile tuliyoihama? Burgher wakaapa, Anti-Burgher wakakataa. Kila upande baadaye ukapasuka tena kati ya Auld Licht, watu wa nuru ya zamani, na wale wa nuru mpya. Lipo pia Kanisa la Relief la 1761. Mwaka 1847 Relief na wengi wa waliojitenga waliungana wakawa United Presbyterian. Lile pigo kubwa, la Mei 1843, wachungaji zaidi ya 450 walipotoka kwa mkupuo wakaanzisha Kanisa Huru, halikuugusa ukoo wetu, lakini siwezi kulipita bila kutaja Strontian. Mwenye ardhi aliwanyima waumini wa Kanisa Huru hata kiwanja. Wakaagiza kanisa la chuma linaloelea, likavutwa likatiwa nanga Loch Sunart mwaka 1846, na watu wakawa wanaenda ibadani kwa mashua. Sisi wa kwetu tuliosali chini ya mti tulikuwa na nafuu.

Kwa hiyo mtoto asiyeonekana parokiani huenda alibatizwa mita mia mbili kutoka pale, kwenye nyumba ya ibada isiyo na mnara. Nyaraka za makanisa yaliyojitenga zipo Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa, chini ya alama CH3. CH2 ni za Kanisa la Scotland. Nikachukua treni.

Nikampata bibi harusi. Alibatizwa, baba yake alikuwa mwashi, kila kitu kiko sawa. Bwana harusi hayumo.

Nilirudi nimenuna. Mama mkwe alikuwa akimenya viazi, wala hakugeuka. "Sasa wewe ulitegemea nini? Harusi ilikuwa kwa kina bibi harusi."

Alikuwa sahihi. Ndoa za Kipresbiteri karne ile kwa kawaida hazikufungwa kanisani. Zilifungwa sebuleni kwa wazazi wa binti au nyumbani kwa mchungaji, na mchungaji mara nyingi alikuwa wa upande wa mwanamke. Kanisa lililoandikwa kwenye cheti lilikuwa la mke, na nilimvisha mume. Ukitaka kanisa la mwanamume, tafuta ndoa za dada zake.

Dada mmoja aliolewa kijijini mwaka 1858, nyumbani kwa wazazi wale wale. Taratibu: Original Secession. Hao ndio Auld Licht hasa. Wenzao wengi walikwisha kuingia Kanisa Huru mwaka 1852, na hawa wachache wakabaki, wagumu kama kitanda cha mfumi. J. M. Barrie, aliyezaliwa Kirriemuir, mji wa wafumi wa Angus hiyo hiyo, alitoa kitabu kizima kuwahusu mwaka 1888.

(Upande wa mama mkwe mwenyewe ulinichukua asubuhi moja tu. Kwao ni Waayalandi wa Lochee, Wakatoliki. Daftari ni la Kilatini, James anaitwa Jacobus, na wasimamizi wa ubatizo wameandikwa. Nusu yao ni shangazi na wajomba, hivyo ukimfuata msimamizi unaupata ukoo. Wakatoliki wamenipendeza sana kwa hilo.)

Daftari la ubatizo la Auld Licht wa kijiji kile halipo. Kilichobaki ni kumbukumbu za kikao cha wazee. Za Kanisa la Scotland nyingi zinasomeka kwenye intaneti tangu 2021, lakini hizi nilizifungua kwa mkono: karatasi nene, wino uliogeuka rangi ya chai, karani asiyeweka nukta. Wazee wa kikao waliuliza kila kitu, nani kalewa, nani kachota maji Jumapili, mimba ni ya nani. Nilikuwa nimeshazoea hayo, kwa kuwa hata bibi yangu Nyeri aliwahi kutengwa na Meza ya Bwana kwa kosa ambalo mpaka leo hatuambiwi.

Na huyu hapa baba wa mtoto wetu, Februari 1836. Kosa lake: alimsikiliza mhubiri wa kanisa la parokia. Siku moja tu. Theluji ilikuwa nyingi, parokia ilikuwa jirani, na alikuwa na mzee wa miaka themanini mkononi. Kwa Auld Licht huko kulikuwa kusikiliza ovyo, nalo ni kosa la kuitwa mbele ya kikao. Akakataa kukiri. Wakamtenga, na ombi lake la kubatiziwa mwana likawekwa kando. Ukurasa unaofuata hausemi kitu, na ule wa tatu pia. Mwezi wa Aprili amekuja, amekubali kosa, amekemewa, amerejeshwa. Mstari mmoja chini, kwa kalamu ile ile, mtoto amebatizwa, na jina limetajwa. Ni jina la babu mzaa baba, kama tunavyowapa wavulana wa kwanza kwetu, na kama Waskoti walivyowapa wao.

Nilimsomea mama mkwe mezani. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akachukua Biblia na kalamu ya risasi. Akaandika jina, Aprili 1836, na jina la kanisa. Kisha, bila kuniuliza, akaongeza kwa herufi ndogo pembeni: baba alitengwa wiki tisa, kwa sababu ya theluji.