Puto, Kukatwa au Baipasi: Swali Lililofika Nyarugusu

Nilipoanza unesi hapa Nyarugusu, Geita, miaka ya tisini, aliyekonda hakuulizwa anakula nini. Watu walishusha sauti tu. Ukimwi ulikuwa unapita kwenye machimbo, na mwili ukipungua watu walianza kumhesabu mtu miongoni mwa wagonjwa. Mnunuzi wa dhahabu mwenye kitambi ndiye aliyeaminiwa: kashiba, mzima, ana pesa ya kulipa. Mtu kwenda mwenyewe hospitali akatwe tumbo ili apungue? Tungesema karogwa.

Siku hizi wanakuja kuuliza. Nimestaafu, lakini hodi hazikomi. Juzi alikuja mama mmoja mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ana sukari ya miaka mingi, presha, kiungulia kinachomwamsha usiku, na magoti yanayomfanya ameze diklofenaki kila asubuhi, kama wengi hapa waliopitisha ujana wao wakitwanga mawe. Akanionyesha picha kwenye simu. “Dada nesi, puto au kukatwa? Dar wanafanya vyote.”

Ni kweli. Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila walianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na mwaka 2023 wakaanza upasuaji wenyewe. Lakini nilimwambia akae kwanza tuzungumze, maana kila njia ina historia yake, na historia hiyo ina watu walioumia.

Mwaka 1954 huko Minnesota, Marekani, madaktari Kremen na Linner walieleza upasuaji wa kuunganisha mwanzo wa utumbo mdogo na sehemu yake ya mwisho, ili chakula kipite njia fupi bila kufyonzwa. Watu walipungua kweli. Lakini waliharisha mfululizo, wakapata mawe kwenye figo, na wengine maini yakashindwa kazi. Upasuaji huo uliachwa. Mama alikuwa ametamka kwamba anataka “ule ambao unakula unavyotaka na bado unapungua”, nikamwambia ulishajaribiwa.

Daktari Edward Mason wa Iowa alikuwa ameona kwamba waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hawanenepi kirahisi. Mwaka 1966 akafanya baipasi: sehemu ndogo ya juu ya tumbo inatengwa kuwa kifuko, kisha inaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Siku hizi kifuko hicho hubeba kama mililita 30, pungufu ya kikombe cha kahawa ya mtaani. Mwaka 1995 daktari Walter Pories alionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wake wa sukari walirudi kwenye hali ya kawaida baada ya baipasi, na mara nyingi sukari ilishuka kabla hata uzito haujapungua sana. Kiungulia nacho hutulia. Mama alitabasamu hapo.

Nikamuuliza kuhusu diklofenaki. Kwenye kile kiungo kipya kati ya kifuko na utumbo, dawa za maumivu za aina hiyo huleta vidonda vinavyovuja damu au kutoboka. Sigara hali kadhalika. Juu ya hayo, aliyefanyiwa baipasi anahitaji madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 maisha yake yote, pamoja na vipimo vya damu. Nani atamkumbusha akiwa kwenye karasha anasubiri mzigo?

Mkanda wa kubana tumbo ulivuma kuanzia miaka ya tisini, ukafifia baada ya wengi kurudi kutolewa. Siuzungumzii zaidi.

Kukatwa sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu au zaidi, hakukukusudiwa kuwa tiba kamili. Ilikuwa hatua ya kwanza kwa watu wazito mno wasioweza kuvumilia upasuaji mrefu. Baadhi yao walipungua kiasi kwamba hatua ya pili haikuhitajika. Sasa ndio upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi duniani. Utumbo hauguswi, lakini tumbo lililokatwa halirudishwi, na kiungulia kinaweza kuzidi. Kwa mtu asiyelala usiku kwa kiungulia, hilo ni jambo kubwa.

Puto nalo si jipya. Marekani waliidhinisha moja mwaka 1985, kisha likaondolewa sokoni kwa kuleta vidonda, na likinywea liliziba utumbo. Ya leo ni bora, lakini hukaa miezi sita au mwaka, kisha hutolewa, na uzito hupenda kurudi. Likinywea, ni dharura. Kazini kwangu nilisindikiza wagonjwa waliopelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakisubiri kivuko Busisi usiku, wakati kila dakika ilihesabika. Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, nashukuru Mungu, ila Dar bado ni zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa mama huyu, mimi naona baipasi, mradi magoti yatibiwe kwanza kwa dawa nyingine na diklofenaki aiache kabisa. Daktari wa upasuaji ndiye atakayeamua naye. Nilimshauri aanzie Bugando, apimwe tumbo kwa kamera na sukari ya miezi mitatu.

Nawe unayekusudia safari hiyo, usianze kuuliza bei. Andika kwenye karatasi kila dawa unayomeza, hata ile ya dukani, sema kama una kiungulia, sema kama unataka kuzaa karibuni, maana utaambiwa usubiri mwaka au mwaka na nusu baada ya upasuaji. Karatasi hiyo mpe daktari kabla hajakupa jibu.