Dola Bila Gurudumu wala Alfabeti

Katika somo la utunzi tumezoea kuwapa wanafunzi wetu zoezi la bunilizi ya kisayansi: buni jamii iliyoendelea bila teknolojia moja muhimu. Aghalabu tunarudishiwa hadithi za namna moja. Gurudumu likiondolewa, watu wanarudi mapangoni. Maandishi yakiondolewa, hakuna hesabu, hakuna sheria, hakuna serikali. Kwa maoni yetu, kasoro hii ni ya historia kabla ya kuwa ya utunzi, kwani jamii ya aina hiyo ilikwishakuwapo, tena kubwa.

Tunazungumzia dola ya Wainka katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, Wainka walitawala mamilioni ya watu, kutoka Ekwado ya leo hadi katikati ya Chile. Hawakuwa na gurudumu, chuma, farasi wala alfabeti. Hata hivyo, mtandao wa barabara zao, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, ulifikia kilomita 30,000 hivi.

Msomaji atauliza: barabara bila gurudumu ni za nini? Ni za miguu. Penye miteremko mikali walijenga ngazi za mawe, na mkokoteni haupandi ngazi. Mizigo ilibebwa na watu na lama, mnyama wa jamii ya ngamia asiyefaa kupandwa na mtu mzima. Penye mabonde walitandika madaraja ya kamba za nyasi. Moja, Q'eswachaka, lililo juu ya mto Apurimac, bado husukwa upya na wanavijiji kila mwaka. Habari nazo zilipelekwa na wakimbiaji waliopokezana kituo hadi kituo.

Mkimbiaji alibeba ujumbe kichwani, na pengine kipu mkononi. Kipu ni kamba kuu inayoning'iniza nyuzi nyingi zenye mafundo. Mwaka 1912 Mmarekani Leland Locke alionyesha kwamba mafundo hayo ni tarakimu: mahali fundo lilipo huonyesha kama ni mamoja, makumi au mamia. Hivyo ndivyo serikali ilivyohesabu watu, nafaka ghalani na zamu za kazi. (Wenzetu wanaosahihisha mitihani mia tatu kwa kalamu nyekundu wasicheke.)

Hatudai kwamba upungufu haukuwa na gharama. Mwaka 1532, mjini Cajamarca, Francisco Pizarro na watu wasiofika 200, wenye farasi na panga za chuma, walimkamata mfalme Atahualpa. Baadaye wataalamu wa kipu walikwisha mmoja mmoja. Mamia ya kipu yamo katika makumbusho. Nambari nyingi twaweza kuzisoma, lakini kuna kipu ambazo mafundo yake hayafuati mpangilio wa nambari, na hizo hadi leo zimetushinda.

Hapa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali. Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, alikuta barabara pana katika nchi isiyo na gari hata moja. Machifu ndio waliowajibika kuzitunza, na penye vinamasi watu walitandika magogo na mafunjo. Ngoma zilitoa wito na kutambulisha koo. Tunasikitika kuwasikia vijana wetu wakisema kwamba wazee hao "hawakuwa na kitu".

Harry Turtledove, mwandishi wa Marekani, aliwahi kuligeuza swali hili katika hadithi fupi ya mwaka 1985: wageni kutoka anga za mbali wanakuja na vyombo vya ajabu, lakini silaha zao ni bunduki za kushindilia baruti. Kwa Kiswahili tunayo *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995), ila bunilizi za kisayansi katika lugha yetu bado ni chache.

Muhula huu tumebadili swali letu. Badala ya kumuuliza mwanafunzi jamii yake imekosa nini, tunamuuliza kazi ile inafanywa na nani, kwa njia gani, na mtu huyo akifa itakuwaje. Hadithi za kwanza zimekwisha kutufikia. Mojawapo inamhusu mpiga ngoma mzee wa ikulu anayekataa kumfundisha mrithi wake mdundo mmoja. Tuliisoma hadi saa sita za usiku.