Magati ya Kale ya Mto Thames

Msomaji mpenzi, usimamapo mbele ya jengo la kale, usidhani kuwa waona mawe na matofali tu. Jengo ni kama mzee mkimya. Halisemi mpaka liulizwe. Basi na tuyaulize magati ya Mto Thames, katika mji wa London, yatueleze yaliyoyaona. Huenda ukastaajabu kusikia kuwa sehemu ya habari zao ilianzia katika mapori yetu wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 18 mto ule ulisongamana vyombo. Meli zilingoja siku nyingi kupakuliwa, na wezi walijinufaisha kwa shehena. Kwa hiyo wafanyabiashara walichimba mabwawa makubwa kando ya mto, wakayazungushia kuta na maghala. Magati ya West India yalifunguliwa mwaka 1802 ili kupokea sukari ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1828 yalifuata magati ya St Katharine, kazi ya mhandisi Thomas Telford. Maghala yake yalisimama ukingoni kabisa mwa maji, hata shehena ikaweza kuinuliwa kutoka melini na kuingizwa ghalani moja kwa moja. Lakini ili kupata nafasi hiyo, watu wapatao 11,000 walihamishwa makwao, na wengi wao hawakupewa fidia.

Hapo St Katharine, kati ya mwaka 1858 na 1860, lilijengwa ghala ambalo hata leo huitwa Nyumba ya Pembe. Humo ziliwekwa pembe za ndovu. Zama hizo Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa pembe nyingi kabisa. Wapagazi walizichukua mabegani kutoka bara hadi pwani, zikavushwa hadi Unguja, kisha zikasafirishwa ng'ambo. Huko Ulaya ziligeuzwa vipini vya visu, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Aliyepiga piano hakumjua mpagazi aliyechubuka bega.

Walakini dhiki haikuwa ya watu wa mbali peke yao. Makuli wa London walisongamana langoni kila asubuhi, wakigombea kazi ya saa chache. Aliyekosa alirejea kwa wanawe mikono mitupu. Mwezi wa Agosti 1889 waligoma wakidai peni sita kwa saa. Baada ya majuma yapatayo matano walizipata. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kisha zama ziligeuka. Mabomu ya mwaka 1940 yaliteketeza maghala mengi. Baadaye zilikuja meli kubwa zilizobeba makasha ya chuma, zisizoweza kuingia katika mabwawa yale ya kale. Magati ya St Katharine yalifungwa mwaka 1968, na ya West India mwaka 1980.

Je, majengo yaliyobaki yana faida gani? Tazama njia mbili. Nyumba ya Pembe sasa ni makazi na maduka, na mbele yake hutia nanga mashua za starehe. Ghala mojawapo la West India limekuwa makumbusho tangu mwaka 2003, na ndani yake wageni huelezwa habari za sukari na za watumwa walioilima. Njia zote mbili zimehifadhi kuta, lakini ni ya pili iliyohifadhi ushahidi. Jengo lililotunzwa bila ya habari zake ni kama kitabu chenye jalada zuri kisicho na kurasa.

Nawe, msomaji, siku utakapopita katika bandari ya kale ya Mombasa, usiulize tu ni nani aliyeijenga. Uliza pia ni nani aliyebeba mizigo, na alilipwa nini. Ukiuliza hivyo, mawe yatasema.