Kiboresha Udongo

Mwaka juzi nilitoboa chini ndoo ya lita 20, nikaijaza udongo wa uani, nikapanda mchicha. Wiki tatu hazijaisha udongo ulikuwa umekazana kama sakafu. Ukimwagilia, maji yanatuama juu, kisha yanatorokea pembeni, katikati pakavu. Nikaenda duka la pembejeo. "Unataka ya kupandia au ya kukuzia?" muuzaji akauliza. Sikutaka hata moja. Nilitaka kitu cha kuufanya udongo upumue, ila jina lake sikuwa nalo. Nikasema mbolea tu, nikarudi na kilo ya urea. Mchicha ukaungua kingo za majani.

Mbolea kwetu ni samadi, ni mboji, na ni hizo chenga nyeupe za urea zenye naitrojeni asilimia 46. Neno lenyewe yaelekea limetokana na kuoza: Wabemba na Wazulu hadi leo husema ukubola kwa maana hiyo. Urea haijawahi kuoza, lakini jina imelirithi.

Kiingereza kinatenga. Kinacholisha mmea kina jina lake. Kinachobadili umbile la udongo, ushike maji na upitishe hewa, kina lingine, nalo ni lile lile wanalolitumia kwa marekebisho ya katiba. Ukilifuata neno kwa neno unapata "marekebisho ya udongo", utadhani kuna muswada bungeni. "Kirutubisho" nacho kinaturudisha kwenye chakula. Mimi nashika kiboresha udongo. Limefinyangwa kama kifungua kinywa, na kama kitakasa mikono tulichokizoea mwaka 2020 bila kamusi. Na hali inayotafutwa ina jina siku nyingi: tifutifu.

Shambani mzizi ukikosa hewa hapa utajipenyeza pale, na minyoo ipo ya kutifua. Ndani ya ndoo hakuna pa kukimbilia, na kila ukimwagilia udongo unazidi kushindiliwa huku virutubisho vikitoka na maji kwenye matundu. Kibera, Nairobi, ambako kilimo cha magunia kilishika kasi kuanzia 2008, wakulima husimamisha nguzo ya mawe katikati ya gunia ili maji yafike chini.

Mboji iliyoiva ndiyo inayovuruga istilahi, maana inalisha na inatifua. Pumba za mpunga hazilishi chochote cha maana, zinaachanisha udongo tu. Maranda mabichi yaogope: vijidudu vinavyoyaozesha vinaunyang'anya mchicha naitrojeni. Ninachokipenda zaidi ni vumbi la makumbi, lile linalobaki usumba ukishatolewa. Linafyonza maji kama sponji. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni huja na chumvi ya bahari, kwa hiyo loweka vumbi hilo kwenye maji baridi, mwaga, rudia. Mimi huonja yale maji ya mwisho, watoto wakinicheka.

Ndoo ya pili nilichanganya udongo makopo mawili, mboji kopo moja, vumbi la makumbi kopo moja. Maji yakazama papo hapo. Nilipopita tena dukani nikamuuliza yule yule muuzaji, kwa Kiswahili changu kipya, kama anauza kiboresha udongo. Akanitazama kidogo.

"Aah," akasema, "mbolea ya kulainisha!" Akanyoosha kidole kwenye gunia la pumba nyuma ya mlango.