Ikangaa, Simbu na Deni la Sekunde Moja

Aprili 1988, huko Boston, Juma Ikangaa alikimbia kilomita 42 na ushei akashindwa kwa sekunde moja. Mkenya Ibrahim Hussein alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa, Mtanzania mzaliwa wa Dodoma na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), akafika dakika hiyohiyo, sekunde ya 44. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hiyo nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki.

Vijiweni, ubishi wa nani mkali kuliko wote waliowahi kuvaa jezi huwa ni wa Simba na Yanga. Kanda ya Kati ina sababu ya kuuhamishia kwenye riadha. Waliovaa jezi ya taifa katika marathoni wakitokea Dodoma, Singida na pembezoni mwake wametikisa dunia kuliko klabu yoyote ya soka nchini, ingawa sifa ya mbio huwaendea zaidi John Stephen Akhwari wa Mbulu na Filbert Bayi.

Kati ya hao wa Kanda ya Kati, aliyetangulia kutwaa dhahabu alikuwa Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, mpakani na Singida. Alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Miaka minne baadaye, Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000.

Lakini Brisbane hukumbukwa zaidi kwa marathoni. Shahanga na Ikangaa walichomoka mapema, wakamwacha mbali Rob de Castella, mwenyeji aliyetarajiwa kushinda. Shahanga alichoka, Ikangaa akabaki peke yake mbele. De Castella alimkamata kuelekea mwisho, Ikangaa akakataa kuachwa, akampita tena, kabla ya Mwaustralia kumaliza kwa saa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Ikangaa aliondoka na fedha, na tangu hapo kila aliyepanga kushindana naye alijua kwamba hatapewa nafasi ya kupumua. Huo ndio uliokuwa mtindo wake: kukaa mbele, kuvuta kasi, kuwaacha wengine waamue kama wanaweza kufuata. Ulimgharimu Boston. Ulimlipa Tokyo, alikoshinda mwaka 1984 na 1986, kisha New York.

New York, Novemba 1989, alikata utepe kwa saa 2:08:01, akivunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981. Rekodi ya Ikangaa ilidumu hadi 2001.

Alichokosa ni medali ya Olimpiki au ya dunia. Los Angeles mwaka 1984 alikuwa wa sita, Seoul wa saba.

Alphonce Simbu wa Singida, naye askari wa JWTZ, alianza kulijaza pengo hilo kwa shaba ya dunia London mwaka 2017. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili Boston, palepale Ikangaa alipokwama mara tatu. Septemba mwaka huohuo, katika mashindano ya dunia Tokyo, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake katika mita za mwisho. Simbu alimfikia mstarini. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Kwa medali, basi, Simbu ni namba moja. Kwa uzito wa mbio alizokimbia, na kwa ujasiri wa kukaa mbele bila kusubiri, Ikangaa bado anastahili kutajwa kwanza. Anayetaka kubisha arudi kwenye mkanda wa Brisbane, atazame zile kilomita za mwisho.