Lugha Iliyotangulia Karagwe

Magharibi ya Rubya, ng'ambo ya vilima vya Ihangiro, ndiko ilikokuwa dola ya Karagwe. Speke na Grant, waliotoka Unguja mwaka 1860, waliwasili huko Novemba 1861. Mfalme Rumanyika, kwa ushahidi wa Speke mwenyewe, aliwaamkia kwa Kiswahili fasaha. Lugha hiyo ilikwisha kupelekwa na wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo Kafuro, wakibadilisha nguo na shanga kwa pembe. Speke aliondoka Januari 1862. Grant akabaki peke yake, akiuguza mguu hadi Aprili, mgeni wa mfalme huyo. Wazungu wakaitwa wavumbuzi. Majina ya wengi waliowatangulia yakapotea. Hata hivyo, ugenini walilakiwa kwa lugha ya hao waliosahauliwa.